Uzito wa Waliosimama Kati

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo. Ulisimama katikati ya ukumbi na hindi la kuchemsha mkononi, ukang'ata mstari mmoja wa punje, ukaligeuza, ukang'ata mwingine, na mtoto wa watu alikuwa mbele yako juu ya jiwe, magoti yakimcheza. Ukiulizwa leo utasema hukuwa upande wowote. Najua. Ndivyo mnavyosema nyote. Ndivyo mlivyosema mwaka wa Kituri pia, na Kituri akazikwa mwepesi kama kapu tupu. Mmesahau. Wengine hatusahau. Basi simama hapo hapo usikie. Hadithi ni ya Mghoi, lakini na wewe umo ndani yake, na hutatoka kwa kusema hukujua.

Asubuhi ile, taa za njia kuu zilipowashwa, Mghoi alimshika Saru mkono wakateremka kwenda zahanati. Saru alikuwa mtoto wa kaka yake. Kaka na wifi walifunikwa na paa la pango lilipoanguka, na tangu hapo mtoto akawa wake, kwa uji, kwa ada na kwa homa.

Njia nzima, ukutani, kulikuwa na viganja. Kiganja cha bluu, vidole vimebanwa, na chini yake neno ZUIA. Kiganja chekundu, vidole vimetanuka, na neno MWACHIE. Cha bluu kilikuwa cha Mghoi mwenyewe. Walimwomba akichovye kwenye rangi mara moja tu, mkutanoni, akakichovya akidhani ni kwa kitambaa kimoja. Sasa kilikuwa kimefika mpaka kwenye milango ya vyoo. Chekundu kilikuwa cha Nyambu, mjomba wake Saru. Kila siku ya shule mtoto alipita katikati ya mikono ya shangazi na mjomba wake, mikono mamia, na hakuna hata mmoja uliokuwa umemshika.

"Mkono wetu huo!" alipiga kelele Mkamburi, muuza kimanga cha mihogo na maharage, mwiko juu. "Dada Mghoi, usilegee! Msichana ni msichana, hata umvishe nini!"

"Uza kimanga, mama, kinaungua," kijana mmoja aliyebeba bomba begani akamkata. Halafu akamgeukia Mghoi. "Na wewe mwachie mvulana wenu akue. Au mnataka mumzike ndiyo mridhike?"

Saru alivuta kofia ya sweta mpaka puani.

"Shangazi."

"Sema."

"Hao wote wawili walininunulia skonzi juzi. Kila mmoja alitaka nipige naye picha."

"Ukafanyaje?"

"Skonzi nilikula."

Mghoi angecheka, lakini aliona jinsi mtoto anavyoshuka ngazi, akiweka miguu yote miwili kwenye kila kidato, kama ajuza.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja kilichochongwa kwenye mwamba, joto kwa sababu ya bomba la mvuke lililopita ukutani. Daktari Ndinda alimlaza Saru, akashusha taa yake ya kuonea ndani mpaka ikakaribia bega. Chini ya ngozi kikaonekana kiwashio, kidogo kama mbaazi, na ndani yake mbegu mbili: moja nyeusi, moja ya rangi ya maziwa.

Hakuna mtu wa Mapangoni asiyezijua. Tangu wazee wetu walikimbie jua na kuingia kwenye mapango haya ya volkano, tumekunywa maji yaliyopita kwenye mwamba, na maji hayo yamezima kitu ambacho kwa watu wa kale kilijiwasha chenyewe. Mwili wa mtoto wetu haufiki utu uzima mpaka usukumwe. Mbegu nyeusi huusukuma uwe wa mwanamume, ya maziwa uwe wa mwanamke. Kila mtoto huwekewa kiwashio mapema ili zikomae kwa damu yake mwenyewe. Ikifunguliwa moja, nyingine huyeyuka, na hakuna daktari wa kuirudisha. Isipofunguliwa hata moja, kiwashio hukosa kazi, kikaanza kunyonya mifupa.

Kwa hiyo msiniambie tungeyaacha maumbile yaende yenyewe. Hayaendi. Kwetu sisi, kutofanya kitu ni kufanya.

Daktari alizima taa. Hakumtazama Mghoi.

"Umeona nyonga hizi? Zimekuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Baraza lilimwahirisha mara ya kwanza, likamwahirisha tena. Leo likimwahirisha, mama, msimu ujao hutamleta hapa akitembea."

"Kitoe basi. Kitoe hicho kidude chote."

"Kimeshashika mshipa. Kukitoa ni kumchinja."

Mlango ukasukumwa. Nyambu aliingia akiwa amevua kofia, rangi nyekundu ingali kwenye kucha zake.

"Shemeji."

"Shemeji."

Wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Waanzilishi wa mji walimwogopa daktari mmoja, wakamwogopa na mzazi mmoja. Wakasema kiwashio kifunguliwe na viganja viwili kwa pamoja, cha shangazi kwa upande wa baba na cha mjomba kwa upande wa mama. Viganja vikipingana, kiwashio kinajifunga, na ufunguo unahamia kwenye sakafu ya baraza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Saru. Hata wangepatana asubuhi ile, viganja vyao vilikuwa nyama tu.

"Ungeweka mkono wako juu ya wangu siku ile," alisema Nyambu, "tusingefika hapa. Mtoto alishasema anataka nyeusi."

"Mshila naye alisema."

"Usinitajie Mshila."

"Nitakutajia! Anakaa mlango wa pili kutoka kwangu. Alisema akiwa na umri huu huu, ukumbi ukapiga makofi, mkamnyanyua mabegani. Leo ni mwanamume mzima wa ndevu, anakuja kwangu na kikombe chake cha chai, ananiuliza mbona hakuna aliyemuuliza mara ya pili makofi yalipoisha. Nimjibu nini, Nyambu?"

"Na mimi Kituri nimjibu nini?" Sauti ya Nyambu ilishuka badala ya kupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimwambia mwanangu angoje, akili itulie. Alikuwa mtoto mtiifu. Akangoja. Jeneza lake nililibeba kwa mkono mmoja, shemeji. Mkono mmoja."

Bomba la mvuke likakoroma ukutani. Daktari alijishughulisha na kufuta lenzi iliyokuwa safi.

"Naombeni mtoke," Saru alisema pale kitandani.

Wote wakamgeukia kana kwamba kitanda kimesema.

"Mjomba, nitakuja kwako baadaye. Daktari, samahani. Nataka kusema na shangazi, mlango ufungwe."

Wakatoka. Mlango ulipofungwa, Mghoi alijikuta hajui akae wapi. Mwishowe akakaa sakafuni, mgongo kwenye bomba la moto.

"Hujawahi kuniuliza," Saru alisema.

"Nimekuuliza mara ngapi, Saru!"

"Hapana. Umenieleza, halafu ukamalizia na 'sivyo?'"

Mghoi alijisogeza karibu na kitanda.

"Haya. Nakuuliza."

Mtoto aligeuza macho kwenye paa.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ona! Wewe umeuliza. Nikiwaambia wa bluu naogopa, wanaruka: tuliwaambia, amechanganyikiwa! Nikiwaambia wekundu, wananivuta pembeni: shii, usiseme hivyo mbele za watu, utatuangusha. Shangazi, sina mtu wa kuogopa naye."

"Unajua unachotaka?"

"Najua mimi sikui kuwa mwanamke. Hilo nalijua tangu mama yuko hai, na mama alilijua. Lakini sijui sauti itakuwaje. Sijui kama nitazipenda ndevu. Wewe ulijua utakuwaje?"

"Mimi? Walinifungulia ya maziwa, nikarudi bandani kuchuma uyoga."

"Hukulia?"

"Nililia wiki nzima. Nikadhani ni vumbi la uyoga."

Saru alicheka, akashika nyonga, akaacha kucheka.

"Nataka siku nzima na Daktari Ndinda, mlango umefungwa hivi. Na Mshila nataka nimsikie mwenyewe, siyo wewe ukimtaja. Halafu nitasema. Nikisema, muweke mikono, wewe na mjomba, hata kama nimesema usichokipenda."

"Na ukikosea? Saru, mwanangu, ukikosea?"

"Basi nitakuwa nimekosea mimi. Mshila analia kwa sababu hata hajui ni nani aliyekosea."

Mghoi aliinua kiganja chake akakitazama. Rangi ya bluu ilikuwa imebaki kwenye mistari. Alikuwa akijiambia kwamba amekiinua kumkinga mtoto. Sasa aliona alikiinua kuwaelekea watu, na mgongo ndio aliompa mtoto.

"Na jina?" aliuliza. "Nikuite nani?"

"Jina niacheni nalo. Bibi ndiye aliyenipa. Kila kitu changu mmekipigia kura, jina mniachie."

Ukumbi wa baraza la Mapangoni unaujua. Usiniulize unafananaje, jasho lako limo kwenye kuta zake. Sakafu yake inakaa juu ya chemchemi za chuma, nayo imegawanyika mara tatu: bamba la bluu la kuzuia nyeusi kushoto, jekundu la kuiachia kulia, na la kijivu la wasio upande wowote kati. Mnapiga kura kwa kusimama. Waanzilishi walisema ulimi hudanganya na mkono huiba, ila mwili wa mtu hauwezi kughushiwa, basi sakafu ipime miili. Hawakuwafikiria nyinyi.

"Baba Kilonzo, hilo debe la nini?" aliuliza mlinzi wa lango la bluu.

"Maji ya kunywa tu, jamani. Koo langu bovu."

"Debe zima? Wewe ni mtu au ng'ombe?"

"Mbona yule wa wekundu ameingia na jiwe la kusagia?"

"Anasema ni mto wa kukalia."

Wakacheka. Na Mghoi akasikia vicheko vile vikipanda mpaka kwenye paa la mwamba na kumrudia Saru aliyesimama juu ya jiwe, mbele, mikono nyuma, kama kitu kinachosubiri mnada.

Na kati! Kati ndiko kulikojaa. Walikuja na vigoda. Walikuja na mahindi. Muuza kimanga Mkamburi, bluu kabisa asubuhi, alikuwa ameweka sufuria yake kwenye bamba la kijivu, kwa sababu huko ndiko wateja waliko. Kila sheria ya mji ule mlikuwa mkiijua: kijivu kikizidi bluu na kikizidi nyekundu, jambo linaahirishwa. Mlijua pia ile nyingine, inayofundishwa watoto wa darasa la kwanza: uzito wote wa sakafu ukishuka chini ya mstari mwekundu wa mshale wa mizani ukutani, baraza limevunjika, ufunguo unarudi viganjani, na mkono wa tatu unakuwa wa mtoto. Yeye anasema, shangazi na mjomba wanafungua, daktari anasimamia, na mji unakwenda zake. Haijawahi kutokea. Nani aondoke? Akiondoka wa bluu, wekundu watashinda. Akiondoka mwekundu, bluu watashinda. Na akiondoka wa kati, atakosa kuona.

Mwenyekiti, Bwana Mlamba, aligonga kengele ya kufungulia. "Upande wa bluu, sema."

Wakamsukuma Mghoi mbele wakiimba. Alipewa kipaza sauti. Akawaona wote, nyuso alizokunywa nazo chai miaka yote, zikimngoja aseme lile neno.

"Nimekuja kushuka," alisema.

Wakapiga makofi, maana hawakusikia.

"Nimesema nashuka! Natoka sakafuni. Sikumwuliza mtoto, leo nimemwuliza, na jibu lake si letu. Si la bluu, si lekundu. Anataka mlango ufungwe. Anayempenda Saru atoke nje."

Mtu wa nyuma akasema, "Wamemnunua."

"Wamemnunua kwa ngapi?" mwingine akadakia.

"Msaliti! Kiganja chako kiko mlangoni kwangu, nitakifuta kwa kinyesi!"

Mghoi alitembea. Walimtemea mate begani, mmoja akamvuta kanga, naye Mghoi akamwachia. Alipokanyaga mwamba nje ya bamba, mshale mkubwa ukutani ukatikisika ukashuka kidogo, kidogo mno, kwa uzito wa mwanamke mmoja mwembamba. Nyuma yake wakatoka wachache: wafanyakazi wenzake wa banda la uyoga, na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Bluu ikawa nyepesi kuliko nyekundu. Wekundu wakaanza kuruka kwa furaha, na sakafu ikaruka nao.

"Nyambu!" Bwana Mlamba aliita. "Bluu imevuja. Waite watu wako walioko kijivu wavuke, umeshinda. Ongea!"

Nyambu alikuwa mbele kabisa ya bamba jekundu. Mghoi alimwona akimtazama ng'ambo ya ukumbi. Hakuwa na la kumwahidi. Akiwa pale nje ya sakafu hakuwa hata na sauti. Sheria haimsikii aliyeshuka. Aliinua tu kiganja chake chenye rangi, akakigeuza, akakifuta kwenye gauni lake mbele ya macho ya watu wote, akakinyoosha kwa Nyambu kikiwa wazi.

Nyambu alikuwa ameshinda. Kumbuka hilo utakapomhukumu. Yale aliyoyaomba kwa machozi tangu amzike Kituri yalikuwa mdomoni mwake, sentensi moja tu. Akamtazama Saru.

"Mjomba," Saru alisema kutoka juu ya jiwe, bila kipaza sauti, "nilipokuja kwako uliniambia nawe utanisikiliza."

Nyambu alivaa kofia yake, akashuka.

Kelele iliyofuata sitaieleza. Wekundu walilia kama waliofiwa. Wachache wakamfuata, wakiburuta miguu, hata yule kijana wa mabomba, akilaani njia nzima. Halafu kutoka kijivu akasimama mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa bamba, kigoda chake mkononi. Mshila. Alipita katikati ya watu bila kusukuma. Alipofika kwenye jiwe alisimama, akamwambia Saru neno fupi. Saru akaitikia kwa kichwa. Mshila akatoka, akasimama kati ya Mghoi na Nyambu, na mshale ukashuka tena.

Ukashuka, ukashuka, ukasimama.

Ukasimama juu kidogo ya mstari, upana wa kidole.

"Tutagonga kengele ya mwisho," alisema Bwana Mlamba, akipangusa uso. "Kwa hali ilivyo, kijivu kimezidi. Jambo litaahirishwa."

"Liahirishwe!" mtu alisema kati, mdomo umejaa. "Haraka ya nini? Mtoto bado mdogo."

"Hawezi kusimama!" Mghoi alipiga kelele kutoka nje ya sakafu. "Mtazameni miguu! Mtazameni!"

Goti la kushoto la Saru lilikuwa limekunjika kwa upande ambao goti halikunjiki. Hakulia. Alijishikilia kwenye ukingo wa jiwe kwa mikono yote miwili, macho mbele, na macho yale hayakuwa yakiwatazama wa bluu wala wekundu. Yalikuwa yakitazama kati. Daktari Ndinda alikimbia kumfuata. Mlinzi akamzuia, maana mpaka kengele igongwe hakuna anayegusa jiwe.

Mghoi alianza kuwaita kwa majina. Aliwajua wote. Mkamburi, mimi nilikukandia mgongo ulipojifungua! Baba Kilonzo, weka debe chini uje! Aliita mpaka sauti ikakatika, na kila aliyeitwa alimtazama jirani yake.

Sasa sikiliza, maana mwenyekiti ameshika kamba ya kengele.

Hukuombwa kuchagua mbegu. Hukuombwa kujua Saru ni nani; hata Saru ameomba siku moja ya kulijibu hilo akiwa na watu wanaompenda. Atachagua nini? Sijui, na wewe hujui, na kwa sababu hatujui si letu. Ulichoombwa ni kidogo kuliko vyote. Uzito wako. Ule upana wa kidole kati ya mshale na mstari ni wewe, na kigoda chako, na hindi lako. Mghoi ametoka na jina lake limekwisha. Nyambu ametoka na ushindi wake mkononi. Mshila, mliyemfanyia karamu kisha mkamsahau, ametoka. Usiniambie peke yako huna uzito. Sakafu inakuhesabu tangu ulipoingia.

Kamba inavutwa. Tupa hilo hindi. Acha kumtazama jirani, naye anakutazama wewe. Inua mguu, uuweke nje ya bamba, inua wa pili.

Toka. Sasa hivi, kabla hajaanguka, toka!